Wangeci Ameonja

Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Idah alimchana Wangeci nywele. Zilikuwa nyuzi za katani zilizochovywa kwenye wino mweusi, na vumbi la barabara ya Ruiru lilizigandisha. Alizichana polepole, akamfunga kile kitambaa chake chekundu, akakaza shingo ya Bwana Safi, kisha akampaka Mzee chaki mashavuni ili aonekane mgonjwa. Mwisho aliwalaza wote watatu ndani ya sanduku la bati, Mzee katikati, na juu yao akaweka kipembe kidogo cha kunywea.

Wayua, mama aliyefagia ule ukumbi wa Thika, aliegemea ufagio mlangoni akitazama.

"Leo tena unawalaza sanduku moja," alisema. "Na kijana hajatoa hata mbuzi. Kwetu Machakos wazee wangekuita."

"Ni mti tu, mama. Mti na katani."

"Mti! Mti unamwangalia mwenzake vile? Juzi Kalimoni, Bwana Safi akienda zake, Wangeci aligeuza shingo. Niliona mimi. Dada yangu aliona. Hata shemeji yangu, yule ambaye haoni vizuri, aliona."

"Shingo yake imelegea."

"Imelegea upande wa Bwana Safi peke yake?"

Idah aliinamisha uso ili Wayua asimwone akitabasamu. Alikuwa anashusha kifuniko cha sanduku wakati mkono wa mtu mwingine ulipokizuia.

"Usifunge," alisema Erastus Kang'ethe. "Huyu Bwana Safi, baada ya leo harudi humu."

Erastus ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikundi chao cha vikaragosi, mtu mzima wa koti la kijivu na sauti ya chini. Hakuwa mtu wa kuja ukumbini asubuhi. Wayua alipomwona uso alivyoukunja, alichukua ufagio akaenda kufagia mahali palipokuwa safi tayari. Wakati huohuo Absalom Opiyo, mwenzake Idah aliyemchezesha Bwana Safi, aliingia na birika la chai, na akasimama nalo mkononi.

"Vizuri umekuja," Erastus alimwambia. "Ninyi wawili nisikilizeni. Kalimoni niliuliza watu kama tunavyouliza kila mara, leo mmejifunza nini? Mama mmoja akasimama akasema, 'Tumejifunza kwamba Wangeci ameonja.' Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyetaja kuchemsha maji. Afisa alikuwa ndani ya gari, akaniuliza wanashangilia nini. Nikamwambia wanashangilia maji."

Absalom alicheka. Erastus hakucheka.

"Na hedimani, yule mkuu wa kijiji cha Ruiru aliyewekwa na serikali, amepeleka habari juu. Anasema wanawake wakienda mtoni wanakusanyika wananong'ona. Wanasema kuna mtu aliyekuja na pembe. Wanasema kuna aliyeonja na aliyekubali. Sasa wewe fikiria habari kama hiyo inasikikaje ofisini, katika siku kama hizi zetu. Mzungu anaposikia Wakikuyu wamekunywa kitu na kukubali kitu, anafikiri nini?"

Idah alijua. Watu walikuwa wamekamatwa na kupelekwa kambini kwa sababu ya kiapo cha siri cha kuwapinga Wazungu, kilichoapwa kwa kunywa, na wengine kwa sababu tu jirani alisema walikunywa.

"Lakini ni mchezo," alisema Absalom. "Ni vikaragosi vya afya!"

"Ndiyo maana inabidi leo waone kwamba ni mchezo. Absalom, Kisumu wanaanzisha kikundi kama hiki chetu. Utapanda treni kesho, na Bwana Safi unaenda naye. Leo Ruiru atawaaga watu. Halafu Wangeci atachukua ile pembe amwage maji chini, mbele ya hedimani, acheke, na Mzee wake atakunywa kwenye kikombe cha bati. Basi. Imekwisha."

"Kumwaga kutasaidia nini? Si ni kupoteza maji?"

Erastus hakumtazama Absalom. Alimtazama Idah. "Yeye anaelewa," alisema.

Absalom alipotoka kutafuta vikombe, Erastus aliinama kidogo, akazungumza kama baba anayezungumza na binti mgonjwa. "Pasi yako, kile kibali cha kutoka Thika, mimi ndiye ninayekuombea. Mimi ndiye ninayesema huyu msichana ni mtu wa kazi, hana neno. Usiniweke mahali ambapo siwezi kusema hivyo tena. Wakikurudisha kijijini kwenu, kutoka ni vigumu. Unanisikia, mwanangu?"

"Nasikia."

"Mwaga maji tu. Ni kitu kidogo."

Hakikuwa kitu kidogo, na wote wawili walijua.

Ile pembe aliitengeneza Absalom. Mwanzoni Mzee alikuwa akinyweshwa kwa kikombe cha bati, lakini kikombe kilikuwa kikubwa kuliko kichwa chake na watu walicheka mahali pa kuhurumia. Absalom akaenda kwa mchinjaji karibu na soko, akaomba ncha ya pembe ya ng'ombe, akaikata, akaipiga msasa mpaka ikang'aa kama asali. Siku aliyoimaliza alimpa Idah kwa mikono miwili. "Ya Wangeci," alisema. "Ni nyepesi. Hamtachoka." Yeye alitoka upande wa ziwa, na kwake pembe ilikuwa pembe tu.

Idah alikuwa ametoka chuoni na cheti kizuri na sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Walimu walimwambia, "Idah, sema kwa nguvu," nao wakaishiwa pumzi kwa kumwambia. Mbele ya watu ulimi wake uliganda. Lakini nyuma ya pazia la vikaragosi, mikono ikiwa juu na uso ukiwa umefichwa, Wangeci alizungumza, na Wangeci hakuogopa mtu. Alibisha, alidhihaki, alimwita Bwana Safi "wewe mwenye sabuni". Ni Absalom peke yake aliyesimama pale nyuma na kuona sauti ile kubwa ikitoka katika kinywa gani. Idah alivaa Wangeci mkono wa kulia na Mzee mkono wa kushoto, na mchezo uliporefuka mikono ilimtetemeka. Hapo Absalom, bila kusema kitu na bila kukatiza maneno ya Bwana Safi, aliweka mkono wake uliokuwa huru chini ya kiwiko cha Idah na kukishikilia. Hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo.

Mchezo wenyewe uliandikwa ofisini na mtu asiyejua alikuwa anaandika nini. Mzee ameugua tumbo kwa kunywa maji ya mto. Bwana Safi anakuja na maji yaliyochemshwa, anampa Wangeci, naye Wangeci anampa baba yake, Mzee anakunywa na kupona. Kwa kikombe cha bati ilikuwa habari ya afya. Kwa pembe ilikuwa habari nyingine. Katika nchi ile, kijana akitaka msichana, pombe huletwa kwa baba yake, na baba humuuliza binti kama inywewe. Msichana hatoi hotuba. Anapokea pembe, anaonja, ndipo anampa baba yake. Akishaonja, amekubali aolewe na yule aliyeleta.

Ilitokea Ruiru kwa mara ya kwanza. Absalom aliinua pembe, akasema kwa sauti nene ya Bwana Safi, "Nimeleta kinywaji, Wangeci. Mpe baba yako." Na mkono wa kulia wa Idah, badala ya kupeleka pembe moja kwa moja kwa Mzee, uliileta kwanza kinywani mwa Wangeci.

Wanawake walitazamana. Kisha vigelegele vilipanda mpaka ndege wakaondoka kwenye mibuni.

"Wanapigia nini kelele?" Absalom alimnong'oneza.

"Wamefurahi," alijibu Idah. "Mzee amepona."

Alijiambia kwamba mkono uliteleza. Lakini siku ya pili mkono uliteleza tena, na siku zilizofuata uliteleza kila mahali walipokwenda, Mwihoko na Kalimoni na kwenye mashamba ya mkonge. Watu wakaanza kufuata lori lao. Walikuwa wamekwisha kuona na sasa walitafuta zaidi. Wachumaji kahawa walibishana kati ya mistari kama Bwana Safi alimgusa Wangeci bega kwa makusudi au kwa bahati. Mtu alisema kofia ya Bwana Safi ilianguka ili Wangeci aiokote. Mwingine akaapa kwamba tangu aonje, Wangeci hamwiti tena "mwenye sabuni" bali anamwita "wewe", hivihivi tu, kama mtu na mumewe. Wanawake walimshonea Wangeci shuka la kitambaa kidogo. Wanaume walichonga mbuzi kwa vigunzi vya mahindi, miguu ya vijiti, wakavitupa nyuma ya pazia huku wakicheka.

"Watu wa huku ni wa ajabu, nyar Thika," Absalom alisema, akivipanga vile vigunzi dirishani pa ukumbi. Alipenda kumwita hivyo, binti wa Thika, kwa lugha ya kwao. "Kila niendako napewa mbuzi. Nifanye nao nini?"

Mara nyingi Idah alifungua kinywa amweleze. Kila mara neno lililotoka lilikuwa, "Wanacheza tu."

Sasa walikuwa ndani ya lori wakielekea Ruiru, Erastus mbele na dereva, wao wawili nyuma na sanduku kati yao. Kahawa ilipita pande zote mbili, kijani kibichi kilichokolea, na Idah alitazama kila kichaka kana kwamba kingempa maneno. Kesho asubuhi treni. Treni ikishaondoka, nani angemwandikia barua mwanamume ambaye hajui lolote, amwambie nini?

"Kisumu si mbali na nyumbani," alisema Absalom. "Mama atafurahi."

"Ndiyo. Atafurahi."

"Na wewe watakupa mtu mwingine. Kuna yule Bedan wa ofisi ya mifugo, ana sauti nzuri."

"Ndiyo."

Absalom alimtazama. Kisha akafungua sanduku, akamtoa Bwana Safi na kumweka magotini, akawa anamkaza shingo ambayo Idah alikuwa ameikaza asubuhi. "Nilidhani utasema kitu," alisema. Lori likaruka shimo, na Idah akashika sanduku kwa mikono yote miwili, akashika kwa nguvu.

Kijiji cha Ruiru kilikuwa na handaki lililokizunguka na lango moja lenye askari. Nyumba zilisimama kwa mistari kama za shuleni, na wengi waliokaa humo walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa kambini au mahali pasipojulikana. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa uwanjani, majembe yao pembeni. Walijua. Habari ilikuwa imefika kabla ya lori.

Idah alipokuwa akifunga pazia kwenye vigingi, mama mmoja mnene alikuja nyuma huku akijifanya anatafuta mtoto. Ni yule waliyemwita Mama Ndung'u, ambaye kila mara aliketi mbele kabisa na kumjibu Mzee kana kwamba Mzee ni jirani yake.

"Wanasema leo anaondoka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani amemtuma?"

"Kazi."

Mama Ndung'u alimtazama kwa macho makavu. "Mume wangu alichukuliwa shambani. Nilikuwa nimeinama, nikasikia lori, nikainuka, nikaona mgongo wake tu. Sikumwambia neno. Tangu hapo namwambia kila siku, lakini hayupo." Alirekebisha kanga begani. "Sisi tunajua ni watu wa mti, binti yangu. Hatuna wazimu. Lakini tulikuwa na mahali pa kuangalia. Mwambie huyo Wangeci wako asimwache aende hivihivi."

Idah alitaka kumshika mkono. Hedimani alikohoa kule mbele, na mama akaondoka.

Mchezo ulianza. Hedimani aliketi kwenye kiti, fimbo magotini, na Erastus kando yake. Mwanzoni watu walicheka kidogo Mzee alipolia tumbo. Kisha Bwana Safi alitokea bila sabuni yake, akavua kofia, na kicheko kikakatika.

"Mabibi na mabwana," alisema Absalom kwa sauti ya Bwana Safi. "Nimekuja kuwaaga. Kazi imeniita mbali."

"Mbali wapi?" mwanamke alipaza sauti.

"Ziwani."

"Huko ziwani hawana maji?" mwingine akauliza, na watu wakacheka kwa shida, kama watu wanaotaka kucheka kabla hawajazuiwa.

"Na Wangeci je?"

"Wangeci atabaki na baba yake."

"Umechukuliwa na lori?"

Hakuna aliyecheka. Hedimani aligonga chini kwa fimbo. Nyuma ya pazia Idah aliona tone la jasho likimteremka Absalom shingoni.

"Naenda kwa miguu yangu," alisema, maneno ambayo hayakuwa katika mchezo. "Nitarudi."

"Wote walisema hivyo," alijibu Mama Ndung'u kutoka mbele. "Wale waliopata nafasi ya kusema."

Absalom akainua pembe. Ilikuwa na maji, kwa sababu Erastus alitaka yaonekane yakimwagika. Bwana Safi aliishika kwa mikono yake miwili ya mti. "Basi nimeleta kinywaji, Wangeci, kwa mara ya mwisho," alisema Absalom, na kwa mara ya kwanza sauti ya Bwana Safi ilitetemeka.

Wangeci aliipokea.

Mikono ya Idah ilikuwa juu ya kichwa chake. Hakuwaona watu. Aliona tu pazia, na kupitia uwazi mdogo wa pazia, koti la kijivu la Erastus na mguu wa hedimani. Alichotakiwa kufanya ni kugeuza kifundo cha mkono. Maji yangeanguka, kila mwanamke pale angejua kwamba Wangeci amekataa, hedimani angerudi nyumbani ametulia, na pasi ingeombwa tena mwezi ujao. Absalom angepanda treni akidhani maji yamepotezwa bure.

Aligeuza mkono kidogo. Mkono ukarudi.

"Wangeci," Mama Ndung'u aliita, polepole, kama anavyoitwa mtu aliyesimama ukingoni mwa mto. "Wangeci, mama. Unamwaga?"

"Mwaga," Erastus alisema kwa midomo tu, akitazama uwazi wa pazia.

Mkono wa Idah ulianza kutetemeka, na pembe ikatetemeka nao, na matone machache yakamwangukia usoni. Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Kisha akahisi kiganja chini ya kiwiko chake. Absalom alikuwa ameusogeza mkono wake wa kushoto kama siku zote.

"Mwaga tu, Idah," alinong'ona. "Nilisikia alivyokwambia habari ya pasi. Nilikuwa mlangoni. Mwaga, usijiumize. Ni maji."

Ni maji. Alivyosema kwa upole, na jinsi alivyokuwa hajui, vilimuuma kuliko fimbo ya hedimani. Ataondoka hajui. Atakuwa mzee huko kwao, ataeleza watoto wake jinsi watu wa Thika walivyokuwa wakimpa mbuzi wa vigunzi, na hatajua.

Idah alishusha mikono.

Kule mbele Wangeci na Mzee walizama nyuma ya pazia pamoja, na pembe pamoja nao. Watu walishangaa, wakainuka kwa magoti. Idah alimvua Mzee akamweka chini. Wangeci hakumvua. Aliishika pembe kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto, mkono mtupu, akaileta kinywani mwake na kuonja. Maji yalikuwa na ladha ya vumbi na ya pembe mpya.

Absalom alibaki na Bwana Safi juu peke yake, mkono umesahauliwa hewani, akimkodolea macho.

"Sitamwaga," alisema Idah.

Hakutumia sauti ya Wangeci. Ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa kubwa. Pazia lilikuwa kitambaa tu na uwanja ulikuwa kimya, hivyo alijua kwamba Erastus anasikia, hedimani anasikia, na Mama Ndung'u aliye mbele kabisa anasikia. Aliendelea kwa sababu akinyamaza hapo hangeweza kuanza tena maisha yake yote.

"Watu hawakushangilia Mzee kupona. Nilikudanganya. Kwetu, kijana akileta kinywaji, msichana akionja kwanza ndipo baba yake anywe, amekubali kuolewa na yule aliyeleta. Kila mtu hapa anajua isipokuwa wewe. Mkono wangu haukuteleza siku ile. Haukuteleza hata siku moja. Wewe ndiye uliyeileta pembe, Absalom, na si Wangeci aliyeonja. Ni mimi."